Kabla ya kupuliza dawa, mtazame anavyokaa: jibu kuhusu nzi wa usiku mjini

Swali: «Naishi kwenye ghorofa Magomeni, Dar es Salaam. Kila usiku naona wadudu wadogo weusi wenye umbo la moyo wametulia kwenye vigae vya bafuni. Barazani, taa ya nje huzungukwa na wadudu wanaofanana na mbu, lakini sijawahi kuona wakiuma. Jikoni kuna vijinzi vinavyopenda kukimbia mezani kuliko kuruka. Tumepuliza dawa kila jioni kwa miezi miwili bila mafanikio. Ni wadudu gani hawa, na mtu asiye na vifaa vya maabara anaweza kuwatambua vipi?»

Ndugu msomaji,

Umeniandikia umbo la mdudu, mahali unapomkuta na namna anavyotembea, na kwa hayo umenipa zaidi ya wengi wanaoniletea mdudu aliyepondwa ndani ya karatasi na kuniuliza jina lake. Mdudu aliyepondwa amepoteza kitu ambacho kwa nzi wa usiku kina thamani kuliko rangi yake, yaani mkao. Kwa hiyo nitakujibu kwanza kwa kifupi, kisha nitakuonyesha njia ya kuhakikisha mwenyewe.

Wa bafuni ni nzi wa mabomba ya maji machafu, na kwa umbo ulilolieleza nina hakika kubwa kwamba ni yule ambaye wataalamu humwita Clogmia albipunctata. Wa barazani, kwa sehemu kubwa, ni jamaa wa mbu wasiouma wa familia ya Chironomidae, ingawa ndani ya kundi hilo hamtakosekana mbu halisi. Wa jikoni, kwa sababu wanakimbia, ni nzi wenye kibyongo wa familia ya Phoridae. Ukiwatoa hao mbu halisi, hakuna kundi hata moja kati ya haya matatu linalouma watu. Dawa yenu imeshindwa kwa sababu inamuua mdudu aliyekomaa aliyetua ukutani, ilhali watoto wake wako ndani ya utando wa bomba, ndani ya maji au ndani ya uchafu uliojificha, mahali ambapo moshi wa dawa haufiki kabisa.

Neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Katika Kiswahili tunatenga nzi, mbu na usubi kana kwamba ni mataifa matatu, lakini katika elimu ya wadudu wote ni wa oda moja iitwayo Diptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa mawili, na aina zake zilizokwisha kuelezwa kisayansi ni zaidi ya 150,000. Wadudu wengi wengine wanaoruka wana mabawa manne. Kumbikumbi anayeanguka chini ya taa baada ya mvua ana manne, na nondo vivyo hivyo. Nzi ana mawili tu, na pale ambapo mabawa ya nyuma yangekuwa pana vijirungu viwili vidogo, kila kimoja kama njiti ya kiberiti yenye kichwa, ambavyo hutikisika anaporuka na kumpa habari za mizani ya mwili wake. Ukitaka kuviona kwa macho matupu, msubiri yule mdudu mwenye miguu mirefu mno anayeingia ndani usiku na kugongagonga dari, ambaye watu humwogopa wakidhani ni mbu mkubwa kupindukia. Huyo ni wa familia ya Tipulidae, hana uwezo wa kuuma, na vijirungu vyake vinaonekana waziwazi nyuma ya mabawa.

Kuhesabu mabawa kuna faida nyingine, ya kulinda ngozi. Mdudu anayeitwa nzi wa Nairobi si nzi. Ni jamaa wa mbawakawa, wa jenasi Paederus, mwembamba, mwenye urefu wa milimita 7 hadi 10 hivi, mwenye kichwa cheusi, kifua cha rangi ya machungwa, vifuniko vifupi vya mabawa vyenye mng'ao wa buluu au kijani, na ncha nyeusi ya tumbo. Huvutwa sana na taa wakati wa mvua. Haumi wala hachomi, lakini mwilini mwake mna sumu iitwayo pederini, na mtu akimsaga kwenye ngozi hupata malengelenge ambayo mara nyingi hujitokeza siku ya pili, wakati ambapo hakumbuki tena mdudu aliyempapasa shingoni usiku. Akikutua, mpulize au mpe karatasi apande, kisha osha ngozi kwa sabuni na maji. Naomba hili liwe la kwanza kuwafundisha watoto kabla hamjaanza kutazama wadudu wa taa pamoja.

Sasa twende bafuni. Sogea karibu na ukuta polepole, bila kupitisha kivuli chako juu yake, ukiwa na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, au simu iliyowekwa kwenye hali ya kupiga picha za karibu. Utaona mdudu wa milimita 3 hadi 5 aliyefunikwa na manyoya mwili mzima, hata mabawani, kiasi cha kufanana na nondo mdogo. Ukimgusa, manyoya hubaki kidoleni kama vumbi la majivu. Clogmia hukaa akiwa ametandaza mabawa yake mapana karibu na ukuta, na hapo ndipo lile umbo la moyo linapotokea. Pembezoni mwa mabawa, pale mishipa inapoishia, kuna nukta nyeupe ndogondogo zilizopangika, na jina albipunctata linasema hilohilo kwa Kilatini, yaani mwenye nukta nyeupe. Yuko jamaa yake mdogo zaidi wa jenasi Psychoda, mwenye rangi ya kijivu iliyofifia, na huyo huyakunja mabawa yake kama paa la nyumba ya mgongo wa tembo. Wote wawili hutoka mahali pamoja, lakini ni vyema kujua kwamba bafu moja laweza kuwa na aina mbili.

Mchana utawakuta wametulia pembeni penye kivuli. Usiku ndipo wanapochangamka, wakitembea kwa hatua za kushtukashtuka na kuruka masafa mafupi yasiyovuka chumba. Udhaifu huu wa kuruka ni ushahidi mzuri sana. Ukiona kumi ukutani, chanzo kiko ndani ya mita chache, na kwa kawaida ni tundu la kutolea maji sakafuni, bomba la sinki lisilotumika mara kwa mara, au chemba iliyofunikwa vibaya nje ya dirisha. Buu wake ni mwembamba, hauzidi sentimita 1, na una mrija mfupi mkiani wa kuvutia hewa, kwa hiyo unaweza kuishi ndani ya ule ute mweusi unaoganda kwenye kuta za bomba, ukila vijidudu na uchafu uliooza humo. Katika joto la pwani, kutoka yai hadi nzi kamili huchukua wiki mbili hadi tatu.

Kutambua tundu lenyewe ni rahisi. Usiku kabla ya kulala, kausha vigae vinavyozunguka tundu, kisha lifunike kwa kikombe cha plastiki chenye kuonyesha ndani, kilichopakwa mafuta ya kupikia upande wa ndani. Fanya hivyo kwa kila tundu la nyumba, kwa usiku mbili au tatu mfululizo. Kikombe kitakachonasa nzi asubuhi ndicho kinachokuonyesha bomba la kusafishwa. Maji ya moto peke yake hayatoshi, kwa kuwa yanapita juu ya ute na kuuacha umeshika. Kinachohitajika ni burashi ndefu ya kusugulia kuta za bomba hadi ute utoke, na kurudia kazi hiyo kila baada ya siku chache kwa muda wa wiki tatu, kwa sababu walio katika hatua ya pupa, yaani kati ya buu na nzi kamili, wataendelea kuchomoza. Nzi hawa hawaumi, lakini wanapita katika uchafu na miguu yao imejaa manyoya, hivyo wanaweza kuhamisha bakteria, na mimi siwavumilii karibu na chakula wala katika wodi ya wagonjwa.

Wapo jamaa zao wa karibu ambao sisemi habari zao kwa utulivu huo. Katika maeneo makavu ya Kenya kama Baringo kuna nzi wadogo wa familia hiyohiyo wanaonyonya damu usiku na kueneza ugonjwa wa leishmania, na baadhi yao hupumzika ndani ya vichuguu vya mchwa. Nao wana manyoya, ila wembamba wao na mkao wao vinawatambulisha, maana wanapotua husimamisha mabawa juu ya mgongo kama herufi V. Huyo si mdudu wa bafu lako la Magomeni, lakini msomaji anayeishi huko afahamu tofauti.

Barazani kwako kazi ni ngumu zaidi, na hapo ndipo ninapotaka utumie muda mwingi. Mbu na jamaa zake wasiouma wanafanana kwa umbo la jumla hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwachanganya. Anza na miguu. Chironomidae akitua huinua miguu ya mbele na kuipepesa mbele ya kichwa kama vipapasio vya ziada. Mbu huinua miguu ya nyuma na kuipinda juu. Halafu tazama mdomo: mbu, awe dume au jike, ana mrija mrefu ulionyooka mbele ya kichwa, na mwenzake hana. Mwisho tazama mabawa kwa lenzi, kwa kuwa mbu ana magamba madogo yaliyopangwa juu ya mishipa ya mabawa na ukingoni. Vipapasio vyenye manyoya mengi kama unyoya wa kuku visikuhadae, kwani madume wa makundi yote mawili wanavyo. Dume la mbu huvitumia kusikia mvumo wa mabawa ya jike.

Toka nje mapema kidogo, saa kumi na mbili na nusu jioni, utazame angani dhidi ya mwanga uliobaki. Utaona mawingu madogo ya wadudu yakipanda na kushuka juu ya kichaka, juu ya nguzo, wakati mwingine juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Hayo ni madume yakisubiri majike yapite. Wengi watakuwa wasiouma, ingawa mbu nao hufanya hivyo. Pale Kisumu, Mwanza na Entebbe jambo hili hufikia ukubwa ambao mgeni hudhani ni moshi unaotoka ziwani, na katika mawingu yale mna Chironomidae pamoja na jenasi nyingine isiyouma, Chaoborus, ambayo kutoka kwake majini katika Ziwa Victoria hufuata mwezi, ikizidi wakati wa mwezi mwandamo. Wenyeji wa kandokando ya ziwa wamekuwa wakiwakusanya na kuwafanya chakula.

Kama Chironomidae wanajaa taani kwako, kuna maji yaliyotulia karibu. Funua tangi la maji na umulike chini. Ukikuta viumbe vyekundu vya sentimita 1 hivi vinavyojinyonganyonga ndani ya vijumba vya tope, hao si minyoo kama watu wanavyolalamika, bali ni mabuu wa wadudu hawa, na wekundu wao ni hemoglobini, inayowawezesha kuishi mahali penye oksijeni kidogo. Osha tangi, toa tope, kisha ufunike kila tundu, hata la bomba la kufurika, kwa wavu wa matundu madogo.

Mbu halisi atakayekuwamo mara nyingi atakuwa Culex quinquefasciatus, wa rangi ya kahawia isiyo na madoa yanayovutia macho, ambaye hukaa ukutani mwili wake ukiwa sambamba na ukuta na mgongo umebinuka kidogo. Huzaliana katika maji machafu ya karo, vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba, huuma usiku, na ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha katika miji ya pwani yetu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea katika vyoo vya shimo ili kufunika uso wa maji, na mbu hawa wakapungua sana, pasipo kumpulizia mtu dawa chumbani. Naukumbuka mfano huo kila ninapoulizwa swali kama lako, kwa sababu waliofanikiwa walianza kwa kuuliza mdudu anazaliwa wapi.

Anofelesi, mwenezaji wa malaria, humtambui kwa rangi kutoka mbali bali kwa mshazari: kichwa, mrija na tumbo vimo katika mstari mmoja, na tumbo limeinuliwa kama mtu aliyeinama kuchota maji. Akikaribiwa utaona vijiti viwili kandokando ya mrija vyenye urefu unaokaribia wa mrija wenyewe, na mabawa yenye madoa. Zamani niliwaambia wakazi wa mijini kwamba maji safi ya tangi si makazi yake ya kawaida. Siwaambii hivyo tena. Anopheles stephensi, aliyetoka Asia na kugunduliwa Djibouti mwaka 2012, amefika Ethiopia na, mwishoni mwa 2022, Kenya, na huyo huzaliana vizuri katika matangi na mapipa ya mjini. Kumtofautisha na ndugu zake ni kazi ya hadubini au ya vinasaba. Wewe ukimwona mbu wa mshazari akitoka kwenye tangi lako, mhifadhi umpeleke kwa wataalamu. Aedes aegypti, mwenye pete nyeupe miguuni na michoro mieupe kifuani, ndiye wa dengue iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na yeye huuma zaidi mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, hivyo ukimwona usiku huenda amesumbuliwa mahali alipopumzika au amedanganywa na taa.

Wa jikoni nitawapitia haraka. Nzi mwenye kibyongo ana milimita 2 hadi 3, kifua kilichoinuka juu ya kichwa, na mbio za kukatishakatisha zinazomtambulisha kabla hujafungua lenzi. Hutoka katika vitu vilivyooza vikiwa na unyevu, kama kiazi kilichosahaulika nyuma ya kabati au maji yaliyovuja chini ya sakafu. Nzi wa matunda, Drosophila, mara nyingi ana macho mekundu, huruka polepole akielea juu ya ndizi mbivu, na hakimbii. Yule nzi wa kawaida wa nyumbani, Musca domestica, usiku amelala. Mulika kamba ya nguo, waya wa taa na pembe za dari, utamkuta akiwa na wenzake, wamelegea kiasi kwamba unaweza kuhesabu mistari minne ya kijivu iliyokoza kifuani mwake, jambo ambalo mchana hatakuruhusu kamwe.

Kuhusu taa yenyewe kuna tahadhari moja. Inaonyesha wadudu wanaosafiri, haionyeshi wakazi wote wa nyumba, na nzi wako wa bafuni, kwa udhaifu wake wa kuruka, huenda asifike barazani hata ungewasha usiku kucha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wadudu wengi hawavutwi na taa kama tulivyodhani, bali hugeuza migongo yao kuelekea mwanga, kama wanavyofanya kwa anga, na hivyo hunaswa wakizunguka bila kupata njia ya kutoka. Taa nyeupe yenye mwanga wa buluu hukusanya wengi kuliko ya manjano, na usiku wa mwezi mpevu utaona wachache. Tundika shuka jeupe ukutani kando ya taa, ili watue mahali unapoweza kuwaona. Kwa waliolala na kwa mbu wa ukutani, funika tochi kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, kwani wadudu wengi huuona wekundu kwa shida, nao hawatashtuka.

Zunguka mara tatu, jioni inapoingia, saa tatu usiku na, ukiweza, saa saba usiku, na andika daftarini saa, mahali, mkao na idadi. Piga picha moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, ukiweka rula pembeni. Programu ya iNaturalist itakusaidia kufika kwenye familia, lakini jina la aina inalopendekeza kwa nzi wadogo usilichukue kuwa la mwisho mpaka mtu mwenye ujuzi alithibitishe. Wa kuhifadhi, waweke kwanza kwenye friza usiku mmoja ndani ya kichupa. Nzi wa bafuni na mbu wahifadhiwe wakavu juu ya karatasi laini, kwa kuwa manyoya na magamba hutoka kwenye spiriti. Nzi wenye kibyongo na mabuu watie kwenye spiriti.

Kwa nyumba yako, ningeanza na vikombe vyenye mafuta usiku wa leo, na kusitisha dawa kwa wiki hiyo yote ili hesabu yako iwe ya kweli. Wakati huohuo endeleeni kulala ndani ya chandarua, maana mbu wachache waliochanganyika na wale wasiouma bado watakuwapo. Kisha niletee picha ya ubavuni ya wale wanaokimbia mezani. Wao ndio niliowataja kwa mwendo tu, na kibyongo kikionekana wazi nitakuwa na uhakika ule nilio nao kuhusu wa bafuni.